Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Masomo ya Vikundi Katika Shule za Busia na Tororo

Mpaka wa Uganda na Kenya hupita Busia katikati ya mji wenye jina moja. Upande wa magharibi ni Wilaya ya Busia ya Uganda, ambayo hadi mwaka 1997 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Tororo; upande wa mashariki ni Busia ya Kenya. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili. Kaskazini, karibu na mwamba mkubwa wa Tororo, wapo Jopadhola, pamoja na familia za askari na wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi. Kwa hiyo darasa la shule ya msingi katika sehemu hizi hufanana na soko la mpakani: lugha ni nyingi, watoto ni wengi, na mwalimu ni mmoja mwenye chaki yake.

Wingi huo una sababu. Serikali ya Uganda iliondoa karo katika shule za msingi mwezi Januari 1997, na mwaka huo huo wanafunzi wakazidi milioni 5 nchini kote. Kenya nayo ikafanya hivyo mwezi Januari 2003, na wanafunzi wake wakapita milioni 7. Hiyo ilikuwa neema kubwa kwa mtoto wa maskini. Hata hivyo, ililetea mwalimu swali gumu: atawezaje kumfikia kila mtoto kwa zamu yake, na kipindi ni cha nusu saa tu?

VITABU PEKE YAKE HAVITOSHI

Jawabu la kwanza ambalo wengi hulifikiria ni vitabu. Jawabu hilo lilijaribiwa upande wa Kenya, katika wilaya za Busia na Teso. Mwaka 1996 shule 25 kati ya shule 100 zilizochaguliwa zilipewa vitabu vya kiada, nyingine zikangoja zamu yao. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipolinganisha matokeo, waliona kwamba alama za wastani hazikupanda. Walionufaika ni wale wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu. Waliokuwa nyuma hawakuweza kuvisoma.

Mzazi asije akadhani kwamba kitabu ni kitu bure. Funzo lililopo ni kwamba kitabu kinahitaji mtu wa kukifungua pamoja na mtoto. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kuwa mtu huyo kwa kila mmoja wao. Lakini mwanafunzi anayeweza kusoma, akikaa na wenzake watano wasioweza bado, aweza kuwasaidia kila siku.

AFYA YA MMOJA NI AFYA YA WOTE

Jaribio la pili lilianza mwaka 1998 katika tarafa za Budalangi na Funyula, karibu na Ziwa Viktoria, ambako minyoo na kichocho viliwasumbua watoto mno. Shule 75 zenye zaidi ya wanafunzi 30,000 zilipewa dawa kwa zamu, na watoto wakafundishwa kunawa mikono, kuvaa viatu na kutooga katika maji machafu. Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa wenzao hawakuendelea kueneza mayai ya minyoo. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya namna hii.

Hata hivyo, dawa hizo hazikupandisha alama za mitihani. Zilimfikisha mtoto darasani. Kumfundisha kulibaki kazi ya darasa lenyewe.

KIKUNDI KINAVYOFANYA KAZI

Kikundi kizuri huwa na watoto watano au sita, wenye nguvu na wanyonge wakiwa wamechanganywa. Kila mtoto hupewa kazi yake: mmoja husoma kwa sauti, mwingine huuliza maswali, wa tatu huandika, wa nne hutunza vifaa, na wa tano husimama mbele ya darasa kutoa jawabu la wote. Juma lifuatalo kazi hubadilishwa. Zisipobadilishwa, mwerevu hufanya yote na wengine husinzia nyuma ya mgongo wake. Hapo hakuna kikundi, ila kuna mtumishi mmoja na wageni wanne.

Somo la hesabu ni mfano mzuri. Mwalimu hufungua duka darasani kwa vizibo vya soda, makopo na pakiti tupu. Mtoto wa mpakani amekwisha kuona shilingi za nchi mbili mikononi mwa mama yake. Basi apewe hesabu ya maisha yake. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 150 za Kenya, na shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Zitatakiwa shilingi ngapi za Uganda? Mtoto mmoja ataona kwamba mia moja mara 28 ni 2,800. Mwingine atasema kwamba hamsini ni nusu ya mia, basi ni 1,400. Wa tatu atajumlisha apate 4,200. Hakuna aliyejua njia nzima, lakini wote watatu wamefika.

MTOTO WA ASKARI ALIYEHAMISHWA

Jambo hili lawahusu sana walinzi wa nchi. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 huelekeza kwamba Darasa la Kwanza hadi la Tatu lifundishwe kwa lugha ya mahali. Ni utaratibu wa busara, kwa maana mtoto huelewa upesi kile anachosikia nyumbani. Lakini baba akihamishwa kutoka Arua au Gulu hadi kambi ya Rubongi huko Tororo, mtoto wake aweza kuingia darasa linalofundishwa Dhopadhola au Ateso, asielewe hata neno moja. Ataketi kimya. Mwalimu mwenye darasa kubwa aweza kudhani kwamba ni mjinga, na baada ya muda mtoto mwenyewe ataamini hivyo.

Mtoto wa namna hii huokolewa na kikundi mapema kuliko kitu kingine chochote. Rafiki mmoja wa kumwonyesha ukurasa, na mchezo mmoja wa kuhesabu vizibo, humfungua kinywa. Kiswahili nacho husaidia, kwa kuwa ndiyo lugha ya kambi, na ndiyo lugha ya soko pande zote mbili za mpaka. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

KAZI YA WAZAZI

Shule za Uganda zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Wakati huo watoto wa Busia ya Kenya walikuwa wamekwisha kurudi darasani mwaka mzima. Ilionekana wazi kwamba pasipo shule, nyumba ndiyo darasa.

Kwa hiyo wazazi wa kambini na wa laini za polisi wafanye mambo manne. Kwanza, mnapohamia mahali papya, mama au baba ampeleke mtoto mwenyewe kwa mwalimu wa darasa, aeleze lugha anazozijua. Pili, watoto wa jirani wakusanywe jioni kwa nusu saa, kitabu kimoja kwa watoto watano, mkubwa akimsomea mdogo. Tatu, siku ya dawa za minyoo shuleni, mtoto asizuiliwe nyumbani. Nne, mtoto arudipo, asiulizwe tu, “Umepata alama ngapi?” Aulizwe pia, “Leo umemsaidia nani?”

Askari ajua kwamba doria haifanywi na mtu mmoja, na kwamba aliye mbele humngoja aliye nyuma. Mtoto wake naye afundishwe hivyo darasani.