Mtafiti wa Chuo Kikuu Akija Bandani, Muulize Mkataba Wake Unaisha Lini

Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: "Afisa, huyu dokta wa chuo anataka damu ya nguruwe wangu ya nini, na mbona hatoi dawa?"

Tuelewane. Mtu huyo mara nyingi ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Ameshapata PhD yake, kisha chuo kimempa mkataba wa muda, kwa kawaida mwaka 1 hadi 3, afanye utafiti chini ya profesa. Si mwanafunzi tena, na bado si mhadhiri wa kudumu. Mara nyingi analipwa na fedha za mradi. Mradi ukiisha, naye anafungasha.

Kazi yake ina faida kwako? Ndiyo. Chukua homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu Kenya mwaka 1921, na mpaka leo haina tiba. Ikiingia, banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi huvieneza. Watafiti wa SUA, Morogoro, wamechunguza vinasaba vya virusi hivyo kutoka milipuko ya hapa nchini, ili kujua vya huku vinafanana na vya wapi. Ukijua ugonjwa ulipopita, iwe ni mnunuzi anayezunguka mabanda, dume la kuazima au makombo ya hotelini, unajua pa kuziba. Lakini sampuli haitoki maabara, inatoka kwako. Ukiuza nyama ya mgonjwa kimyakimya, umewaua na nguruwe wa jirani.

Kabla hujamfungulia mlango, muulize:

1. Kibali cha utafiti kiko wapi, na afisa mifugo wa kata anakufahamu?
2. Mkataba wako unaisha lini? Ukiondoka, majibu yangu nimdai nani? Andika jina la profesa na idara.
3. Leo umetoka banda gani? Hata kama ni dokta, avae buti za hapo kwako, akanyage dawa, atumie sindano mpya kwa kila nguruwe.
4. Ukikuta ugonjwa, nini kinafuata? Ujue mapema: homa hii lazima itolewe taarifa, na karantini inaweza kuwekwa.

La pili ndilo wengi wanalisahau. Damu inachukuliwa, mwaka unapita, simu haipokelewi tena. Si lazima awe tapeli, pengine mkataba umekwisha na yuko kwenye mradi mwingine. Kwa hiyo mkubaliane kwa maandishi siku ya kwanza, na nakala moja iletwe ofisi ya ugani. Mimi nitakuwepo kata hata mradi ukifungwa.

Banda safi, kazi njema.