Safari ya tatu ya lori la Moshi: nani anailipa?

MFANYABIASHARA anayepakia ndizi Mwika au Marangu kwenda Soko la Mabibo, Dar es Salaam, huulizia kwanza mambo mawili: bei ya mkungu na gharama ya kukodi lori. Jambo la tatu, yaani malipo ya dereva, huachiwa mwenye gari. Hesabu ya barabara inaonesha kuwa hilo la tatu ndilo linaloweza kula faida ya mengine yote.

Kutoka Moshi hadi Dar es Salaam, kwa kupitia Same, Korogwe na Chalinze, ni kama kilomita 560. Lori kubwa haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu ni 50. Likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, safari moja ni saa 11.2. Hapo haijaingia kazi ya kupakia, foleni ya mizani, wala kushusha mzigo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Safari mbili za kwenda na kurudi humaliza saa 44.8. Safari ya tatu, yenye saa 22.4, yote ni muda wa ziada, na kwa wiki nne ziada hiyo inafika saa 89.6. Kikomo cha sheria ni saa 50. Aidha, dereva hapaswi kufanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kuanza tena. Lori linalokwenda mara tatu kila wiki kwa dereva mmoja limekwisha vunja sheria hata kama halijapata ajali.

Kwa upande wa fedha, muda wa ziada hulipwa mara moja na nusu. Mshahara wa Sh. 300,000 kwa mwezi ni kama Sh. 1,538 kwa saa. Kwa kiwango hicho, ziada ya safari ya tatu ni kama Sh. 51,700, mbali na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Amri mpya ya mishahara, iliyoanza Januari 2026, ilipandisha kima cha chini cha sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4, hivyo mwenye gari atazame kwanza jedwali jipya.

Njia inayotumika sana kukwepa hesabu hiyo ni posho ya safari bila mkataba. Dereva wa namna hiyo hapati kitu gari likisimama. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani kwa siku kadhaa. Kwa dereva wa posho, siku kama hizo ni za njaa. Ndiyo maana hukesha barabarani, hubeba mizigo ya pembeni au huuza dizeli ya tajiri.

Suala la mikataba si geni. Lilikuwa miongoni mwa madai ya madereva waliogoma Aprili 10, 2015. Julai mwaka huohuo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi. Mwajiri ndiye anayeuchangia, na asiyesajili dereva wake hujiwekea mzigo mzito siku gari litakapopinduka Mkumbara.

Reli ya Tanga hadi Moshi ilirudi kubeba mizigo mwaka 2019, nayo inafaa kwa saruji. Ndizi zilizokwisha katwa hazisubiri behewa, kwa hiyo soko hili litaendelea kumtegemea dereva.

Kwa anayetaka kuwekeza kwenye Fuso, ushauri ni huu: piga hesabu ya marejesho kwa safari mbili kwa wiki. Ikiwa mkopo haulipiki bila safari ya tatu, weka dereva wa pili kwenye gharama. Ikiwa hata hapo haulipiki, gari hilo lina hasara tangu siku ya kununuliwa. Naye mwenye mzigo anayepewa bei ya chini kuliko wenzake aulize kabla ya kupakia: dereva amelala wapi jana?