Chakula Kimoja, Watoto Wawili

Wazazi wa Liparamba na wa ufuko wa Ziwa Nyasa, sikilizeni. Mtoto mmoja hula uji wa karanga akanenepa; ndugu yake akionja kidogo tu, huvimba midomo, huwashwa mwili na kutapika. Huo si uchawi, wala si ukaidi. Mwili wake hukidhania chakula kile kuwa adui, ukapigana nacho. Basi msimlazimishe. Mnyimeni hicho kimoja tu, si vyote, asije akadhoofika. Apewe maharagwe au usipa, kama havimdhuru. Nyanya yake na majirani waambiwe, na mwiko uoshwe kwanza. Akihema kwa shida au akilegea, mpelekeni hospitali mara moja: sindano ya adrenalini ikiwahi, huokoa.