Miaka 24 kwenye kiti cha mkuu wa chuo cha jamii

Kwa mujibu wa utafiti wa Baraza la Elimu la Marekani uliochapishwa mwaka 2023, wakuu wa vyuo nchini humo waliokuwa madarakani walikuwa wamekaa wastani wa miaka 5.9. Mwaka 2006 wastani huo ulikuwa miaka 8.5. Eduardo Padrón alikiongoza Chuo cha Miami Dade, Florida, kwa miaka 24, tangu 1995 hadi 2019.

Alikifahamu tangu ujana. Aliondoka Cuba mwaka 1961 akiwa na miaka 15, bila wazazi, miongoni mwa watoto zaidi ya 14,000 waliopelekwa Marekani kwa mpango wa Pedro Pan. Vyuo vikuu alivyoomba vilimkataa. Chuo hichohicho, chuo cha jamii chenye programu za miaka miwili, kikampokea. Alipopata shahada ya uzamivu ya uchumi, alirudi hapohapo kufundisha mwaka 1970. Rais Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru mwaka 2016.

Chuo hicho kilifungua milango mwaka 1960 kikiwa na wanafunzi wapatao 1,400. Enzi za Padrón kilifikisha 165,000 kwa mwaka, idadi inayotosha kujaza mji.

Chuoni hapo mkazi wa Florida hulipa takriban dola 118 kwa krediti moja. Programu ya miaka miwili ina krediti 60, yaani kama dola 7,080. Kwa mwaka ni 3,540. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu huwapa wanafunzi wa familia maskini, ilikuwa na kiwango cha juu cha dola 7,395 mwaka 2024. Anayeipata yote hulipa ada ya mwaka na kubakiwa na zaidi ya dola 3,800.

Mbona basi wengi huacha njiani? Kwa sababu ada ni sehemu ndogo ya gharama. Kuna kodi ya nyumba, nauli, vitabu, chakula cha watoto, na mshahara unaopungua kila mtu anapoacha zamu ya kazi ili awahi darasani. Mzigo huu hauonekani kwenye ankara ya chuo, lakini ndio unaowaangusha.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York kiliukabili mwaka 2007 kwa programu ya ASAP katika vyuo vyake vya jamii: nauli, vitabu, msaada wa ada, na mshauri asiyeelemewa na wanafunzi wengi, kwa sharti la kusoma muda wote. Utafiti uliowagawa wanafunzi 896 kwa bahati nasibu ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio kwenye programu walikuwa wamehitimu, dhidi ya 22 ya wenzao. Kila mwanafunzi aligharimu takriban dola 16,300 zaidi. Hata hivyo, kwa kuwa wahitimu waliongezeka sana, gharama ya kumpata mhitimu mmoja ilishuka kwa zaidi ya asilimia 10.

Matokeo hayo yalihitaji miaka mitatu. Mkuu anayeanzisha jambo kama hilo katika mwaka wake wa pili huona mavuno mwaka wa tano, wakati huenda anakaribia kuondoka, na mrithi asiyejali anaweza kulifuta kwa bajeti moja. Ndiyo maana nauthamini muda wa Padrón kuliko hata ile 165,000.

Bodi inayotafuta mkuu wa chuo cha jamii imuulize kwanza gharama ya kila mhitimu, si idadi ya waliosajiliwa. Ikimpata mwenye jibu, impe muda wa kulitekeleza.