Ndege Ishukayo Chini Mno

Ndege zitokazo Mombasa kwenda Nairobi hupita katika anga ya Ukambani, na soko la Kathonzweni, huko Makueni, liko karibu na njia hiyo. Mtu asimamaye pale akitazama juu hudhani ya kuwa rubani hupima kimo chake kutoka ardhini, kama yeye apimavyo kwa macho. Sivyo. Saa ya kimo hupima uzito wa hewa, na ndege ikaribiapo kiwanja saa hiyo hurekebishwa isome futi juu ya usawa wa bahari.

Lakini nchi ya Kenya hupanda kutoka pwani kama paa la nyumba, na uwanja wa Nairobi, ulioko Embakasi, uko futi 5,327 juu ya bahari. Ndege isomayo futi 5,000 ikiwa juu ya Kathonzweni ina nafasi kubwa chini yake. Huko Embakasi kimo hicho kimo ndani ya udongo.

Jambo hili lilikaribia kuleta msiba tarehe 3 Septemba, 1974. Ndege kubwa ya British Airways, aina ya Boeing 747, ilipewa kwa redio ruhusa ya kushuka hata futi 7,500, nao marubani wakafahamu kuwa wameambiwa 5,000. Ikashuka hata ikabakiwa na futi 70 hivi tu, na njia ya kutulia ingali maili kadhaa mbele, ndipo ikapandishwa tena. Hapana aliyeumia. Mbuyu mrefu waweza kufikia kimo hicho!

Mteremko utakiwao kwa kawaida ni wa digrii 3, yaani futi 300 hivi kwa kila maili ya baharini. Ndege iliyo maili 5 mbali na njia yapasa kuwa futi 1,500 hivi juu yake. Walakini macho hudanganya. Njia iliyo nyembamba kuliko ile aliyoizoea rubani humfanya aone kwamba yuko juu, naye hushuka zaidi, akija karibu sambamba na miti. Ndiyo sababu viwanja vingi vikubwa vimewekewa taa nne kando ya njia. Zikionekana mbili nyeupe na mbili nyekundu, mteremko ni sawa. Zote nne zikiwa nyekundu, ndege iko chini mno, hata kama macho ya rubani yamwambia vingine.