Hakuna Anayepasuliwa Bila Ganzi kwa Sababu ya Utafiti

"Dokta, nikisaini hii karatasi ya utafiti, si naweza kuangukia upande wa wale wasiochomwa ganzi?"

Swali hili limenichosha, mimi mtaalamu wa usingizi hapa Mwanza. Wananiuliza wajawazito wanaosubiri upasuaji, wananiuliza wazee wa tezi dume, wananiuliza ndugu waliovuka na kivuko kutoka Ukerewe kumleta mgonjwa wao wa ngiri. Wengi wao wamesoma. Wanajua kwamba dawa hupimwa kwa kulinganisha makundi mawili, na kwamba kundi moja linaweza kupewa dawa isiyo na kitu ndani yake. Kutoka hapo wanaruka moja kwa moja hadi mezani: nusu ya watu watachomwa ganzi, nusu watachomwa maji, halafu wote wapasuliwe tuone nani atapiga kelele.

Hapana. Utafiti wa namna hiyo hakuna kamati ya maadili inayoweza kuupitisha, na mtaalamu wa usingizi atakayethubutu kuufanya mahali pake ni mahakamani. Kwamba ganzi inazuia maumivu ya kisu hatuhitaji kulithibitisha kwa mwili wa mtu yeyote.

Tunachotafuta ni mengine kabisa. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, dozi gani ya dawa ya ganzi, bupivakaini, inatosha? Ukimpa kidogo mno, ganzi haipandi inapotakiwa. Ukizidisha, presha inaporomoka, anatapika, na mtoto aliye tumboni anapungukiwa damu. Presha ikishuka, tuipandishe kwa efedrini au kwa fenilefrini? Mama akianza kutetemeka, tumpe nini? Sindano ya mgongo iwe na ncha ya kukata au ncha iliyochongwa kama penseli? Hilo la mwisho limeshapata jibu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha majumuisho ya majaribio 110 yaliyohusisha watu zaidi ya 31,000: waliochomwa kwa ncha ya kawaida ya kukata, asilimia 11 walipata maumivu ya kichwa baadaye, kwa ncha ya penseli, asilimia 4.2. Kote kote watu walichomwa sindano inayofanya kazi yake. Kilichotofautiana ni ncha.

Nieleze basi kinachotokea mezani, kwa sababu uvumi huu unaishi kwa kuwa watu hawajawahi kuelezwa. Ukishachomwa sindano ya mgongo na kulazwa, hakuna daktari wa upasuaji anayeshika kisu papo hapo. Mimi nachukua pamba iliyolowa spiriti, naigusisha begani kwako ili ujue ubaridi wenyewe ukoje, kisha naishusha: kifuani, ubavuni, tumboni, pajani. Kila nikigusa nakuuliza, "Baridi?" Kwa upasuaji wa kujifungua sitaridhika mpaka ubaridi upotee kufikia usawa wa chuchu, kulia na kushoto. Baada ya hapo daktari wa upasuaji anakubana ngozi kwa koleo mahali atakapokata, nawe hujaambiwa. Ukishtuka, tunasimama. Tunasubiri, au tunarudia sindano, au tunakulaza nusu kaputi. Kipimo hiki hakijui umeangukia kundi gani. Aliye ndani ya utafiti anapimwa, aliye nje anapimwa, na kisu kinamsubiri kila mmoja wao mpaka ganzi ikamate.

Kwa nini basi kuna wanaoapa kwamba jirani yao aliwekwa kwenye utafiti "akasikia kila kitu"? Kwa sababu kweli alisikia, ila si alichodhani. Ganzi ya mgongo inaua maumivu makali, lakini mara nyingi inabakiza hisia ya kuguswa, kuvutwa na kukandamizwa. Mtoto anapotolewa, msaidizi anasukuma sehemu ya juu ya tumbo kwa nguvu, na mama anahisi kifua kimelemewa. Wengine wanapata maumivu ya bega katikati ya upasuaji, wakashangaa bega na tumbo wapi na wapi. Damu au hewa ikigusa kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, taarifa inapanda kwa neva inayotoka shingoni, na shingo haikutiwa ganzi. Mambo haya yanawapata walio kwenye utafiti na wasio kwenye utafiti. Aliyesaini fomu anayo karatasi ya kulaumu, basi analaumu karatasi. Anayestahili lawama ni mhudumu aliyeshindwa kumwambia mapema, "Mama, utavutwa, utasukumwa, ukisikia maumivu makali sema hapo hapo, nipo kichwani kwako." Na kweli kuna nyakati ganzi inashindwa kukamata vizuri, utafiti uwepo usiwepo. Ukisikia uchungu wa kisu, sema. Usivumilie ili uonekane jasiri.

Dawa isiyo na kitu ipo kwenye tafiti zetu, sikatai. Ila huwekwa juu ya matibabu kamili, haichukui nafasi yake. Mfano ulio wazi ni utafiti wa WOMAN, ambao Tanzania ilikuwamo miongoni mwa nchi 21. Wanawake 20,060 waliokuwa wakivuja damu baada ya kujifungua walipewa kila tiba ya kawaida: dawa za kukaza kizazi, damu, upasuaji ulipohitajika. Juu ya hayo, nusu waliongezewa dawa ya kuzuia damu iitwayo traneksamiki, nusu wakaongezewa kichupa kinachofanana na cha dawa hiyo, ila hakina dawa ndani. Matokeo yalichapishwa 2017. Walioongezewa dawa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, waliokufa kwa kutokwa damu walikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 1.7 kwa wenzao. Hakuna aliyeachwa avuje damu ili aangaliwe.

Najua hofu hii ina mizizi. Huko Tuskegee, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba huku wakidanganywa kwamba wanatibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Uovu ule ni sehemu ya sababu leo kuna fomu ya ridhaa, kamati za maadili na haki ya kujitoa. Anayekumbuka Tuskegee ana haki ya kuuliza maswali magumu, na mimi nitayajibu yote. Asiyevumilika ni yule anayesambaza hadithi ya sindano ya maji pale mwaloni Kirumba, mjamzito wa watu akaisikia, akaogopa hata upasuaji wenyewe akaenda kujificha kwa mkunga wa mtaani mpaka kizazi kikapasuka.

Tena watu wa Mwanza si wageni wa tafiti. Kati ya 1991 na 1994, jamii 12 za mkoa huu zilishiriki utafiti uliopima kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Yalipungua kwa takriban asilimia 40, na dunia nzima ikanukuu Mwanza. Juzi juzi hapa wasichana 930 wa mkoa huu huu walishiriki utafiti wa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, uliochangia ushahidi kwamba dozi moja inaweza kutosha. Leo mabinti wa Tanzania wanachanjwa dozi moja.

Kwenye usingizi na ganzi bado tuko nyuma, na gharama yake ni maiti. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofuatilia upasuaji wa kujifungua katika nchi 22 za Afrika, ulihesabu akina mama 3,684. Walikufa 20, kiwango kinachozidi cha nchi tajiri mara 50 hivi. Dozi nyingi tunazotumia zilipimwa kwa wanawake wa Ulaya na Marekani, wenye umbo tofauti, wenye damu ya kutosha, wakiwa na mashine ambazo hospitali ya wilaya haina. Mama wa Sengerema mwenye upungufu wa damu hakuwepo kwenye vitabu hivyo. Tukimwogopesha asishiriki, ataendelea kutokuwepo, na mimi nitaendelea kumkadiria.

Sasa ya kufanya. Ukiletewa fomu, swali la kwanza liwe hili: "Nikikataa, nitapewa nini?" Jibu sahihi ni matibabu yale yale ya kila siku, kwa heshima ile ile. Uliza makundi ni yapi na kila kundi linapata nini. Asiyeweza kukueleza kwa Kiswahili au Kisukuma chako asikusainishe. Uliza kibali cha kamati ya maadili ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na kama ni jaribio la dawa, cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) pia, pamoja na bima ya washiriki. Mengi ya haya ulizia kliniki, kabla uchungu haujaanza. Ukiletewa karatasi katikati ya uchungu na kichwa hakiko sawa, kataa tu, upasuaji utafanyiwa. Sahihi ni yako: mwanamke mtu mzima haombewi ruhusa na mume wala mama mkwe. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa utafiti, ndipo aweke dole gumba. Nakala ya fomu ibaki kwako. Ukitaka kujitoa, jitoe hata siku ya pili. Nauli utarudishiwa, anayekudai hela ili akuingize kwenye utafiti ni tapeli, mripoti.

Na usinifiche. Niambie pumu, niambie dawa za mitishamba ulizokunywa ili uchungu uende haraka, niambie kama ndugu yako aliwahi kupata shida na nusu kaputi. Chakula chepesi kikome saa sita kabla ya upasuaji, maji matupu saa mbili kabla. Kikombe cha uji ulichokunywa asubuhi kwa kuonewa huruma na shangazi kinaweza kuingia kwenye mapafu ukiwa umelala, na hilo linanitisha kuliko fomu yoyote ya utafiti. Chini ya ukurasa wa mwisho wa fomu kuna namba ya simu ya kamati ya maadili. Kama haipo, usisaini.