Kompyuta Iliyogoma Njiani

Asubuhi moja ya kaskazi, baada ya kahawa ya tangawizi na kabla jua halijapanda, nilibonyeza kitufe cha kompyuta yangu kuukuu ya mezani, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa haijapata kunihini hata siku moja, nikakaa kuingoja kwa utulivu wa mtu amngojaye mgeni mwenye desturi ya kufika kwa wakati. Na badala ya ile picha ya bahari niliyoizoea na kisanduku cha kutilia nywila, nikakabiliwa na kioo cheusi, na katika weusi ule mstari mmoja wa maandishi uliokuwa ukihesabu sekunde, moja baada ya moja, hata zilipotimu 90 yakamiminika maneno meupe kwa mekundu, na mwisho wake nikaarifiwa kuwa mashine imeingia katika hali ya dharura, na kwamba nikitaka kuitengeneza nibonyeze Enter. Usiku uliotangulia niliizima kwa salama. Sikuiangusha wala sikuimwagia chai.

Kijana wa duka la kompyuta la mtaani, niliyempigia simu kwa fadhaa, hakuniuliza swali hata moja. "Mzee, ilete tu tuipige window upya," alisema, ilhali kompyuta yenyewe inatumia Linux na window haijui. Lakini muradi wake, kwa lugha ya mafundi wetu, ulikuwa ni kufuta kila kilichomo na kupanda mfumo mpya mahali pake. Dawa hiyo huponya, sikatai, kama kubomoa nyumba kunavyoponya mlango uliokwama. Walakini mashine inayoandika maneno kwenye kioo chake si maiti: imeanza safari, imefika mahali, imezuiwa, na aghalabu inataja hata kilichoizuia, na swali la kwanza la mganga wake si dawa gani itumike, bali ni wapi ilipofika.

Ili swali hilo lipate jibu, yafaa njia yenyewe ijulikane. Linux, kwa asili yake, ni kiini tu cha mfumo, kazi iliyoanzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Na kiini hicho hutufikia kimevikwa mavazi ya namna nyingi, mojawapo likiwa Ubuntu, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini, na jina lake, kwa sisi wenye Kiswahili, halihitaji tafsiri, maana ubuntu na utu ni ndugu wa tumbo moja. Umeme ufikapo, programu ndogo iliyokaa katika bodi ya mashine huamka kwanza, ikakagua kumbukumbu, kibodi na diski. Kisha humwita kuli mmoja aitwaye GRUB, ambaye kazi yake yote ni kukitafuta kiini ndani ya diski, kukibeba na kukitua katika kumbukumbu. Kiini nacho hakiji mikono mitupu, bali huja na mkoba wa zana uitwao initramfs, wenye funguo za kuifungulia diski kubwa; na diski ikishafunguka, uongozi hukabidhiwa systemd, msimamizi mwenye namba 1 katika orodha ya programu zote zinazokwenda, naye huwaamsha watumishi wengine, huyu wa sauti, huyu wa mtandao, huyu wa tarehe na saa, hata mwisho amwamshe bawabu, yaani ile sura inayokuuliza jina na nywila kabla ya kukufungulia ukumbi wa picha na vidirisha.

Kwa hiyo alama za njiani husomeka. Mashine iliyo kimya kabisa, kioo hakina hata herufi, aghalabu imekwama kabla ya Linux kuitwa, na haki yake ni kuangaliwa nyaya na vipande vya kumbukumbu, si programu. Ikisimama kwenye neno grub, kuli hakuuona mzigo wake. Ikisimama kwenye neno initramfs, kiini kipo ila diski imekataa kufunguka. Ama yangu, kwa kuwa ilihesabu sekunde na kutangaza dharura, ilikuwa imekwisha vuka vituo hivyo vyote, na mgomo ulikuwa mikononi mwa msimamizi.

Msimamizi huyu ana tabia moja ninayoipenda, nayo ni kuandika. Kila alitendalo tangu nukta ya kwanza hulitia katika shajara, na shajara husomwa hata katika hali ya dharura, kwa kuandika journalctl -xb na kushuka nayo taratibu hadi kwenye mistari myekundu. Nilibonyeza Enter, nikaandika, nikashuka. Mistari ilikuwa mitatu iliyofuatana: wa kwanza ukisema kuwa diski fulani imengojwa na muda umepita, wa pili, kuwa kabati liitwalo hazina, linaloitegemea diski hiyo, limeshindwa, wa tatu, kuwa kwa sababu hiyo makabati yote ya humu ndani hayawezi kuhesabiwa kuwa tayari. Diski yenyewe haikutajwa kwa jina la kibinadamu, bali kwa ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 32 ambayo aghalabu sehemu ya diski hupewa ili isichanganywe na nyingine.

Nikafungua daftari liitwalo /etc/fstab, ambamo mfumo husajili kila diski na mahali pake, nikaikuta nambari ile ile, katika mstari niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe zamani, siku niliponunua diski ya nje ya kuwekea picha za familia. Hapo ndipo nilipogeuza shingo kutazama kando ya kompyuta. Waya ulikuwepo, umelala juu ya meza kama mkia wa panya. Diski haikuwepo.

"Shikamoo, mjomba," ilisema sauti ya mpwa wangu katika simu, yenye usingizi bado.

"Marahaba. Ile diski nyeusi iliyokuwa juu ya meza umeiona?"

"Ninayo mimi, mjomba. Niliichukua jana nitilie video za harusi. Ulikuwa umelala, nikaona si adabu kukuamsha."

Watu huuliza, na mimi niliuliza kwa hasira, kwa nini safari nzima ivunjike kwa kukosekana kabati moja la picha ambalo mfumo wenyewe hauna haja nalo. Jibu ni kwamba kila kilichosajiliwa katika daftari lile huhesabiwa kuwa faradhi, mpaka mwenye nyumba aseme vinginevyo. Na msimamizi, akiisha kungoja sekunde zake 90, huona ni heri asimame kuliko kuendelea na kuziacha programu ziandike mambo yao katika kabati tupu, zikidhani limejaa. Naona ukali huo una haki. Aliye na kosa ni mimi, niliyekiandika kitu cha kubebeka kana kwamba ni ukuta wa nyumba. Tiba ilikuwa neno moja: nilifanya nakala ya daftari kwanza, kwa kuwa kosa la herufi moja mle laweza kuzaa mgomo mwingine, kisha nikalifungua kwa kihariri kiitwacho nano, na katika mstari ule, baada ya neno defaults, nikatia mkato na neno nofail, maana yake diski ikiwepo ipokewe, isipokuwepo safari iendelee. Nikaiwasha upya, na bahari yangu ikatokea.

Si kila mgomo una sababu hiyo, na uliowasumbua wengi zaidi niwajuao ni ule wa mlangoni: bawabu anakupokea, unatia nywila iliyo sahihi, kioo kinapepesa, kisha unarudishwa kwa bawabu yule yule, mara tatu, mara kumi. Mtu hudhani nywila yake imeibiwa. Aghalabu diski imejaa. Ukumbi wa picha hauwezi kufunguka bila kuandika vijifaili vyake vidogo nyumbani kwako, na nyumba haina pa kuandikia. Lakini mlango wa maandishi, upatikanao kwa kubonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, hauhitaji mapambo hayo, na diski za aina ya ext4 kwa kawaida humwekea mtumiaji mkuu wa mfumo, yaani root, akiba ya asilimia 5 ili asishindwe kufanya kazi hata wengine wanapokosa nafasi. Ingia kwa mlango huo, andika df -h, amri ya kupimia nafasi ya diski, na ukiona asilimia 100 mbele ya mzizi wa mfumo umekwisha kumshika mwizi; kilichobaki ni kuzoa taka, filamu zilizopakuliwa mara mbili, na viini vya zamani ambavyo sudo apt autoremove huviondoa. Kimoja au viwili vya zamani viachwe kwa makusudi: masasisho ya jana yakikosana na kadi ya picha, orodha ya GRUB, inayoitwa kwa kushikilia Shift au kugusa Esc mwanzoni, itakuruhusu kuondoka na kiini cha juzi.

Na umeme ukikatika ghafula, jambo ambalo kwetu halina haja ya kuelezwa, ext4 hujisahihisha kwa shajara yake yenyewe, na isipoweza hukuacha kwenye neno initramfs ikitaka uikague kwa fsck. Uikague hapo, ingali imefungwa, wala usithubutu kuikagua diski inayoandikwa. Kwa siku mbaya zaidi ya hiyo nina flashi yenye Ubuntu nzima, iliyo tayari kuwasha mashine yoyote na kuniruhusu kuokoa nyaraka zangu. Hukaa katika mtoto wa meza pamoja na mshumaa na kiberiti, na mpwa wangu amekatazwa kuigusa.

Diski nyeusi ilirudi siku ya nne. Asubuhi zote hizo kompyuta iliwaka bila ya kuiulizia. Nilipoichomeka na kuandika df -h, nikakuta harusi imekula asilimia 97 yake.